Mshale Uliolala Siku ya Mazishi

Wameanza tena. Udongo wa kaburi la shemeji yangu Ochola haujakauka, na tayari vijana wa ukoo wanasema kinu chake cha kusaga unga kimegoma kwa sababu mwenyewe amekasirika huko aliko. Mjane wake mdogo, Nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya, alinijia jana hapa Otonglo saa ya chai, amevaa koti la marehemu kama mila inavyomtaka mjane, linamfika magotini, akakataa kuingia ndani. Akasimama mlangoni kama mtu anayeuza sufuria. Nikamwambia ingia. Akasema, "Mama, mimi bado ni mke wa kaburi, sijatakaswa, siwezi kuingia nyumba ya mtu." Nikamwambia, "Nyumba hii imejengwa na mke wa kaburi. Ingia unywe chai." Akaingia. Akala mkate, na kila akimeza ananieleza kidogo: siku ya mazishi mota ya kinu ilikufa, tangu hapo haijanguruma, na Jumamosi wazee wanakaa waamue kinu kiende kwa mwanamume gani. Mimi nikacheka. Nilicheka vibaya, mpaka chai ikanitokea puani, yule mama wa watu akadhani nimeshikwa na kitu. Jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Ila mimi nimewahi kuvaa koti la namna hiyo na kungojea Jumamosi ya namna hiyo, na mtu aliyenifanya niingoje alikuwa huyu huyu Ochola tuliyemzika.

Niseme mapema kwamba shule niliacha darasa la tatu. Mjukuu wangu ndiye ananinyooshea maandishi, lakini maneno ni yangu, na akiyabadilisha nitajua. Mambo ya nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa na ng'ombe wangapi nayaacha, maana kila mtu alizaliwa na kila baba husema alikuwa na ng'ombe. Nataka kusema mwaka mmoja tu, mwaka aliokufa mume wangu Odera, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Kabla ya mwaka huo mimi nilikuwa mtu wa kuambiwa. Baada yake watu walianza kuniogopa kidogo, na sikuona ubaya.

Odera alikuwa na lori moja kuukuu la dizeli, pua fupi, rangi ya kijani iliyochoka, na juu ya kioo ameandika OPUK kwa herufi nyeupe, yaani kobe. Alisema mwenyewe, kabla watu hawajamcheka kwa mwendo wake, afadhali ajicheke kwanza. Opuk lilibeba omena, dagaa wa ziwani, kutoka ufuoni upande wa Bondo mpaka sokoni Kisumu, na kurudi lilibeba chochote: mabati, soda, mchele wa Ahero, kwaya ya kanisa. Mimi alinifundisha kuendesha kwa sababu ya usingizi wake. Odera akishashiba ugali na kichwa cha samaki mbuta, macho yalikuwa yanajifunga yenyewe hata kama mikono iko kwenye usukani. Basi akanipeleka Ahero, kwenye njia za mashamba ya mpunga, mahali ambapo ukikosa barabara unaingia kwenye matope tu, huui mtu. Niliingia matopeni sana. Leseni nikapata. Yule bwana wa mtihani aliniuliza kama mume wangu anajua niko pale, nikamwambia yuko hapo nje chini ya mti, amelala. Na ilikuwa kweli.

Akafa kwa kifua, kitandani, mvua zikianza. Sielezi kufa kwake, ni kwake na ni kwangu. Nitaeleza matanga, kwa sababu matanga ndiyo yaliyoleta maneno. Kwetu mtu mwenye lori hazikwi kimya. Opuk ndilo lililoleta jeneza kutoka Kisumu, matawi yamefungwa mbele, honi inalia njia nzima mpaka sauti ikakauka. Likaegeshwa pale uwanjani karibu na kaburi, na kwa kuwa stima siku zile haikuwa imefika kwetu, spika za muziki zikala betri ya lori. Mwenye kupiga muziki alikuwa Sila, tanboi wa Odera, utingo wake, mtu mzima mwenye mke na ndevu, aliyempenda bosi wake kuliko wengine tuliokuwa na haki ya kumpenda. Alilia huku akibadilisha kanda. Alikuwa amevaa shati la maua makubwa mekundu, na wazee wakamwambia hilo si shati la msiba, akajibu Odera ndiye aliyempa na Odera ndiye anayezikwa, sasa wao wanataka avae la nani?

Asubuhi baada ya mazishi, Sila akapanda kwenye lori ili arudishe kwaya. Mimi nilikuwa jikoni, nimekaa chini kwenye ngozi kama inavyotakiwa, naosha nyoyo ya wageni, yale mahindi na maharagwe yaliyobaki. Nikasikia amepiga nduru. Nduru ya mwanamume mwenye ndevu si kitu cha kawaida. Tukakimbia wote. Sila alikuwa ameshuka, amesimama mbali na mlango wa lori, ananyoosha kidole. "Mshale umelala! Nimefungua swichi, mshale wa mafuta umelala kabisa!" Na tangi lilikuwa limejaa, maana Odera mwenyewe alikuwa amelijaza kabla hajalala kitandani, na tangu hapo lilikuwa limeenda Kisumu na kurudi mara moja tu. Wakaingiza kijiti kwenye tangi, kikatoka kimelowa karibu mpaka juu. Mafuta yapo, mshale unasema hakuna. Ochola, kaka mkubwa wa Odera, akaingiza kichwa chake dirishani, akatazama kile kioo cha saa ya mafuta kwa muda, kisha akavua kofia. Akasema polepole, kwa sauti ile aliyoitumia kanisani, "Mwenye gari ameondoka na mafuta yake."

Sasa hapa nisimame kidogo, kwa sababu vijana wa siku hizi wakisikia hivi wanasema sisi tulikuwa wajinga. Mimi sisemi wafu hawasemi. Odera alikuwa akinijia ndotoni mwaka ule mzima, anakaa kwenye kiti chake cha kamba, anauliza chakula. Aliuliza samaki, aliuliza uji wa ukwaju. Mafuta hakuuliza hata siku moja. Kwa hiyo niliposikia Ochola akisema kwamba ndugu yake amekasirika kwa sababu lori lake limebaki bila mwanamume, nilijiuliza kwa nini huyu ndugu anapitia kwa kioo cha lori na mimi mkewe nipo, na kila usiku ananiona.

Lakini maneno yalishatoka. Na maneno yenyewe yalikuwa hivi: mjane ni lazima achukuliwe na jater, mwanamume wa ukoo anayemrithi mke wa marehemu ili nyumba isimame, na mali ya marehemu humfuata mjane kama mkia unavyomfuata mbuzi. Jater akawa ni nani? Ochola alijitolea. Alikuwa na wake wawili tayari na baiskeli mpya, lakini lori hakuwa nalo. Nikasema sitaki. Nikasema nimezoea kulala peke yangu tangu Odera aanze kukohoa, na leseni ni yangu. Nikavaa koti la marehemu, nikapanda Opuk, nikaenda ufuoni kuchukua omena kama kawaida, Sila pembeni yangu amejikunja, hataki kutazama kile kioo. Alikuwa amekifunika kwa kipande cha gazeti.

Kuendesha lori bila mshale si jambo la kukushinda. Unakata kijiti kirefu, unakikwangua, unapima kila unaposimama. Shida ni kwamba kijiti kinasema mambo ya pale lori liliposimama tu. Siku moja tulipima ufuoni kwenye mteremko, tangi limeinama, mafuta yote yamekimbilia upande wa mdomo, kijiti kikatoka kimelowa vizuri, nasi tukaondoka tukiimba. Tulipofika hapa hapa Otonglo, soko limejaa, injini ikakohoa mara mbili ikafa katikati ya barabara. Mvua ikanyesha. Wanawake wenye omena wakaanza kulia juu ya magunia, maana omena ikilowa inaoza kabla hujaitaja jina. Sila akatafuta dizeli kwa mtungi, mimi nikainama kwenye injini natoa hewa iliyoingia kwenye mabomba, nasukuma ile pampu ndogo kwa kidole gumba mpaka kikachubuka, na juu yangu nasikia watu wa Otonglo wakiulizana. "Ni nini?" "Ni lile lori la marehemu." "Nani anaendesha?" "Mjane." "Hajachukuliwa?" "Amekataa." "Ehee. Basi na lori nalo limekataa."

Kesho yake nikaenda ufuoni, nikakuta magunia yamepangwa vizuri mchangani na hakuna anayenyanyua. Min Apiyo alikuwa amekaa juu ya gunia lake. Huyu alikuwa rafiki yangu na mkubwa wa wale wanawake, mwili kama mlango wa kanisa, mdomo usio na breki. Akaniambia, "Nyar Alego, usinitazame hivyo. Wewe tunakupenda. Huo mshale ndio hatuupendi." Nikamwambia mshale haubebi omena. Akasema, "Odera akitaka kwenda na mafuta yake, aende. Asiende na omena yangu." Wengine wakacheka, lakini kicheko cha kutazama chini. Nikauliza mpaka lini? Akasema mpaka uamke. Kama hauamki, basi watamngoja mwenye lori mpya, na wote tulijua mwenye lori mpya ni nani. Nikarudi nyumbani na lori tupu. Lori tupu lina kelele mbaya, kila bati linazungumza.

Jioni ile wanaume wa ukoo walikula kwenye baraza la Ochola, na ukuta wa jikoni yangu ulikuwa wa udongo wenye nyufa, na baraza lenyewe haliko mbali. Walikula samaki wa kukaanga, nilisikia mifupa ikitemwa. Mmoja akauliza, "Na akikataa kabisa?" Ochola akajibu huku anatafuna, "Nani, yule? Lori likikaa bila mzigo mpaka mwisho wa mwezi atakuja mwenyewe. Sitamlazimisha. Mshale utamlazimisha." Wakacheka. Mwingine akasema, "Na usipoinuka, hata ukishamchukua?" Ochola akatema mfupa, akasema, "Basi nitanunua saa nyingine ya mafuta." Mimi nilikuwa na mwiko mkononi. Niliusimamisha katikati ya ugali ukabaki umesimama. Nitanunua saa nyingine! Kwangu ni mzimu, kwake ni kipuri. Kabla ya sentensi ile nilikuwa na woga, nakubali, nilikuwa nao mwingi. Baada yake woga ukaisha kama maji kwenye chungu kilichotoboka, na kikabaki kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipa jina, ila najua kilinifaa.

Nikapeleka Opuk Kisumu, kwa mafundi wa Kibuye. Kulikuwa na fundi mmoja anaitwa Wekesa, mtu wa kutoka Bungoma, msemaji sana, aliyeamini kwamba Mungu aliumba gari siku ya saba alipokuwa amepumzika na akili imetulia. Akapanda, akafungua swichi. "Mama, huu mshale wa joto unafanya kazi?" Nikasema unafanya. "Basi umeme unafika. Fyuzi ni nzima, tusipoteze siku hapo." Akashuka, akalala chini kando ya tangi, akaonyesha kifuniko kidogo cha duara juu yake. Akanieleza kwamba chini ya kifuniko kile kuna mkono wa waya, na mwisho wa mkono kuna boya linaloelea kwenye mafuta. Boya likipanda, mshale unapanda. Akang'oa waya uliotoka huko kwenye saa, akaugusisha kwenye chuma cha mwili wa lori. Sila, aliyekuwa ndani, akapiga nduru yake tena. Mshale ulikuwa umeruka mpaka juu kabisa! Wekesa akacheka. "Umeona? Saa ni nzima. Waya ni mzima. Ugonjwa uko hapa kwa tangi." Akachukua spana, spana ya kumi, ndogo, akaanza kulegeza bolti za kile kifuniko.

Na hapo Sila, kwa mdomo wake mwenyewe, akaharibu. "Fundi, mwenyewe akikubali ufungue, ni sawa." Wekesa akauliza mwenyewe ni nani. Sila akasema, "Marehemu." Wekesa akaacha kuzungusha. Akanitazama, akalitazama koti, nikaona amelielewa. "Mama. Hili ni la marehemu? Na wewe hujatakaswa?" Nikasema mimi nimeoga leo asubuhi. Hakucheka. Akaweka spana chini kwenye mafuta yaliyomwagika, akajifuta mikono kwenye suruali, akarudi nyuma. "Mama, mimi nina watoto. Mambo ya watu wa ziwa siyaingilii, hata ya watu wetu yananishinda." Nikamwambia basi chukua spana yako. Akasema, "Imeshagusa. Kaa nayo." Nikaiokota. Ni hii hapa, iko mezani mbele yangu ninapoandika, imekalia karatasi isipeperuke. Mtu mzima aliogopa kipande cha chuma chake mwenyewe! Nilirudi nyumbani nayo kwenye mfuko wa koti la Odera, na njia nzima inanigonga ubavuni kama mtu anayetaka kuniambia kitu.

Sikungojea mwisho wa mwezi. Nilienda kwa Ochola mbele ya wazee walipokuwa wanakunywa, nikasimama nje kwa sababu ndani siruhusiwi. Nikasema, "Shemeji, mshale ukiamka, mtaniacha na lori langu?" Ochola akatabasamu kwa wenzake. "Nyar Alego, mshale hauamshwi na mwanamke." Nikasema, "Sikuuliza unaamshwa na nani." Mzee mmoja, mdogo wa baba yao, mtu wa masikio makubwa ambaye hakuwa na haraka ya kufa, akasema, "Ochola, amekuuliza swali. Jibu." Basi Ochola akajibu, na akaapa mbele yao kwa jina la baba yake: ukiamka, lori ni la mjane, na watu wapakie mizigo yao. Usipoamka Jumamosi, lori linahamia boma lake, na mimi nalifuata. Alikubali haraka sana. Mtu hukubali haraka akiwa na hakika.

Jumamosi boma likajaa kama harusi. Min Apiyo alikuja na wanawake wa omena, wamebeba magunia vichwani kwa sababu, alivyosema, "nikikosa muujiza nitapata wateja." Sila nikamkalisha kwenye usukani, nikang'oa lile gazeti, nikamwambia kazi yako ni moja, uniambie umelala au umeamka. Alikuwa amefunga macho. Nikamwambia kwa macho wazi. Nikalala chini na koti la mume wangu, nikafungua bolti za kifuniko kwa spana ya Wekesa, nikatoa ule mkono wenye boya, unadondosha dizeli, waya ule alioung'oa Wekesa nimeshaurudisha mahali pake. Nikalitikisa boya sikioni: halina mafuta ndani, halijatoboka. Nikalipandisha kwa mkono. "Sila?" "Amelala, Mama," akajibu, kana kwamba mshale ni mtu. Nikalishusha, nikalipandisha tena. "Amelala." Nikarudisha kifuniko juu ya tangi, nikabonyeza chuma kwa chuma. "Amelala." Watu wakaanza kuguna. Ochola akakohoa kikohozi cha heshima na kuvaa kofia yake, kama mtu anayejiandaa kupokea. Mimi jasho linaniingia machoni. Nikasema moyoni, Odera, kama ni wewe, ni ukorofi gani huu, si tulilala pamoja miaka yote ile?

Nikainuka kupiga magoti, nikakigeuza kile kifuniko niwaonyeshe wazee kwamba boya ni zima, na nikikigeuza, ubavu wake ukagusa chuma cha mwili wa lori. Sila akalia, "Ameamka!" Nikashtuka nikakiachanisha. "Amelala!" Nikagusisha tena. "Ameamka! Mama, ameamka!" Nikapandisha boya, akasema anapanda, nikashusha, akasema anashuka, anakuja, anakuja, amefika chini. Watoto wakaanza kupiga makofi. Nikagusisha kwenye tangi. "Amelala." Kwenye mwili wa lori. "Ameamka." Sikujua neno moja la umeme, lakini jikoni nimekaa miaka, najua moto ukiwaka upande huu wa jiko na usiwake upande ule, kuna kitu kati. Tangi limekalia mipira. Halishikani na lori. Mwili wa lori unaongea, tangi haliongei, na vyote ni chuma. Kwa hiyo ni lazima kulikuwa na kitu kilichoviunganisha, na hakipo.

Nikaingiza mkono nyuma ya tangi, nikapapasa. Nikakuta waya mweusi, urefu wa mkono hivi. Upande mmoja umefungwa na bolti kwenye tangi vizuri. Upande wa pili, uliotakiwa kufungwa kwenye mwili wa lori, haukuwa na nati. Ulikuwa umefungwa fundo juu ya rangi, haugusi chuma chenyewe, na ulifungwa kwa kitambaa. Nikakivuta kitambaa. Kikatoka na maua makubwa mekundu.

Sila alikuwa ameshuka kutazama. Akakitazama kile kitambaa, akajitazama shati lake, maana hilo ndilo alilokuwa amevaa hata siku hiyo, na chini pameraruka. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeota, "Hiyo ni yangu." Nikamwambia sema vizuri wasikie. Akasema waya wa spika ulikuwa mfupi siku ya matanga, haukufika kwenye betri, na huo mweusi ulikuwa pale karibu tu, hauna kazi. Akaufungua akaunganisha muziki. Alfajiri akaurudisha, ila nati ilishapotea kwenye nyasi, akafunga kwa kipande cha shati. "Nilidhani ni waya wa bure," akasema. "Na mimi ndiye nimepiga nduru! Mama, nimejipigia nduru mwenyewe!" Min Apiyo alianza kucheka taratibu, mwili wote ukifuata, akaketi chini mchangani, magunia yakaanguka. "Kumbe mzimu amevaa shati la maua!"

Nikakwangua rangi kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, nikaomba nati kwenye baiskeli mpya ya Ochola, hakukataa wala hakukubali, nikaitoa. Nikaikaza kwa spana. Nikarudisha boya mahali pake. Sila akafungua swichi, na mshale ukapanda bila haraka, kama mtu anayeamka kutoka usingizi wa mchana, ukasimama kupita nusu kidogo. Yule mzee wa masikio makubwa akachukua kijiti mwenyewe, akapima: kupita nusu kidogo. Akakinusa. Akasema, "Dizeli."

Ochola alikuwa mwepesi, lazima nimpe hilo. Akavua kofia tena. "Basi tumshukuru Mungu. Ndugu yangu amekubali kurudi." Nikamwambia, "Amerudi kwa spana, shemeji." Akasema sawa, lakini mambo ya jater bado yapo, mila haifungwi na nati. Nikasema, "Uliapa juu ya mshale. Juu ya kitanda changu hukuapa, wala sikukuuliza." Na huku tunasema hivyo wanawake walishaanza kupakia. Sikungoja wamalize kuamua. Nilipanda na mafuta yangu mkononi mpaka kwenye viwiko, nikatoka getini na magunia ya Min Apiyo, yeye mwenyewe mbele pembeni yangu anaangalia kile kioo njia nzima kama anavyoangaliwa mtoto mchanga aliyelala.

Sitadanganya kwamba nilishinda yote. Walininyima salamu miaka. Nilikataa jater mpaka mwisho, na kwa hiyo hawakunisaidia kuezeka nyumba ilipovuja, na mazishi ya watu nilikuwa nasimama nje ya ua kama mlinzi. Ndiyo sababu nilijenga hapa Otonglo, mahali pale pale nilipozimikiwa, ili waliosema lori limekataa wanione kila asubuhi nikifungua dirisha. Opuk lilifanya kazi mpaka fremu ikakatika, na mshale ulikuwa mzima siku lilipouzwa chuma chakavu. Ochola alipozeeka tulizoeana. Akinikuta sokoni alikuwa ananiuliza, "Nyar Alego, mshale unasemaje?" nami namwambia, "Nati yako bado imekaza." Anacheka. Nilimlilia juzi, na kilio kilikuwa cha kweli.

Lakini kucheka na mtu hakumaanishi utamwachia mjane wake aliwe. Nimemuuliza Nyar Ugenya jana, wakati wa mazishi muziki ulichukua stima wapi? Akafikiri. Akasema wapiga muziki waliingia kwenye chumba cha kinu, hajui walifanya nini. Sijui kama ni waya. Inaweza kuwa mota imeungua kweli, mimi si mganga, na si fundi. Nikamwambia alale hapa, akaogopa kidogo, akalala. Sasa amekwisha kuamka, nasikia anafagia uwanja wangu bila kuambiwa, na amelitundika lile koti kwenye msumari. Leo ni Jumamosi. Wazee watakuwa wameshaanza kula. Nitaiondoa spana kwenye karatasi hii, twende nayo kinuni, na karatasi ikipeperuka ipeperuke.